"Goal", "objective", "target", "purpose": mnazigawaje kwa Kiswahili?

Mfasiri_Ilala: Wakuu, heshima kwenu. Nina andiko la mradi wa maji, na ukurasa wa kwanza tu una maneno yote manne. Nikiandika "lengo" kila mahali mteja atanirudishia kazi.

ChakiNyeupe: Fuata andalio la somo, mkuu. "Goal" ni lengo kuu, "objectives" ni malengo mahususi. Penye tarakimu na tarehe weka shabaha. "Purpose" ni madhumuni. Umemaliza.

BinPwani: Hajamaliza bado. "Goal" katika Kiingereza cha karne ya 14, kwenye shairi la William of Shoreham, liliandikwa "gol" na maana yake ilikuwa mpaka. Lilitoka wapi kabla ya hapo, wataalamu bado wanabishana. Karne ya 16 ndipo likawa mwisho wa mbio, likahamia kwenye mpira, kisha kwenye jambo lolote mtu analolihangaikia. Kwa hiyo ni mahali pa kufika. "Target" ilikuwa ngao ndogo, Kifaransa cha zamani hicho; wapiga mishale wameitumia kwa kitu cha kulengwa baadaye sana. Lengo letu ni la Kibantu, limetokana na kulenga: manati mkononi, jicho moja umelifumba, embe liko juu. Ukitazama asili, lengo ni ndugu wa "target" kuliko wa "goal".

StraikaMstaafu: Kumbe Mwingereza tulimpokea goli la uwanjani, la ofisini tukamwachia 😂

BinPwani: Na hata uwanjani bao linalibana.

NyotaNairobi: Asili ni tamu, lakini matumizi ndiyo yanayoamua. Umoja wa Mataifa ulipopitisha ile ajenda ya 2015 yenye "goals" 17 na "targets" 169, Kiswahili kilisema Malengo ya Maendeleo Endelevu. Huwezi kuyaita vikomo leo. Namuunga mkono Mwalimu ChakiNyeupe kuhusu shabaha. Ila tahadhari: usiweke "nia", mradi hauna moyo. "Dhamira" nayo waachie watu wa fasihi.

ChakiNyeupe: Na "azma"?

NyotaNairobi: Hiyo ni ya mtu au serikali iliyokwisha kata shauri. Kwenye hotuba inapendeza, kwenye jedwali la mradi inapwaya.

BinPwani: Nakubali. Halafu tafadhali, "madhumuni", si "dhumuni". Ni neno la Kiarabu, yaliyomo ndani ya kitu. Hiyo "ma" si ya wingi.

ChakiNyeupe: Sheikh, "dhumuni" limo kwenye kamusi na wanafunzi wanaliandika kila siku. Hapo umechelewa.

Mfasiri_Ilala: Nimejaribu hivi: "Lengo kuu ni kupunguza magonjwa ya kuhara kijijini. Lengo mahususi la kwanza ni kusogeza maji safi karibu na kaya. Shabaha: visima 12 ifikapo Juni 2027." Inasomeka?

NyotaNairobi: Inasomeka vizuri.

Mfasiri_Ilala: Asanteni. Sasa ukurasa wa pili una "output" na "outcome". Matokeo na matokeo?

ChakiNyeupe: "Output" andika mazao. Hiyo nyingine fungulia uzi wake, hapa tutakesha.