Plastiki za Mtwara tuzigeuze dizeli? Manispaa itupe eneo?

Fundi_Ligula: Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinaomba eneo tujenge tanuri. Plastiki haichomwi. Inapashwa moto kwenye mtungi uliozibwa, hewa isiingie, nyuzi 400 hadi 500. Mvuke wake ukipita kwenye kichocheo, yaani kitu kinachosaidia kuuvunjavunja, mfano madini ya zeolaiti, kisha ukapozwa, unapata mafuta mepesi ya jamii ya petroli na dizeli. Pasipo kichocheo mengi yanatoka mazito, yanaganda kama nta. Tupewe eneo au tusipewe?

Binti_Mikindani: Sikubali. Moto wa kupashia utatoka wapi, mikoko yetu? Na mifuko si ilipigwa marufuku tangu 2018, plastiki ipi hiyo?

Mtu_wa_Feri: 2019 dada, Juni mosi, tena ile ya kubebea tu. Njoo ufukweni Shangani maji yakipwa, chupa zimejaa mpaka kwenye mwani.

Fundi_Ligula: Chupa za maji hazitoi mafuta ya maana. Tunataka ndoo, madumu, vifuniko. Gesi isiyopoa kuwa mafuta ndiyo inarudi kuwasha tanuri, kuni ni za kuanzia tu. Mabomba ya PVC hatugusi, yanatoa asidi inayokula chuma. Viroba vya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, pia vizuri, na viko tele, wakulima wa korosho kwa uvivu wao wanaviacha mashambani.

Mkulima_Newala: Uvivu? Mdogo wangu, umewahi kupuliza salfa? Mwezi wa saba natoka nyumbani saa kumi alfajiri, umande ungali kwenye majani, mashine mgongoni. Saa mbili macho yamevimba, hata mwanangu simwoni vizuri. Halafu wewe uliyeamka na chai unaniita mvivu!

Fundi_Ligula: Niwie radhi mzee, neno lilinitoka. Ila viroba tunavihitaji, vikiwa vimeoshwa. Salfa ikibaki inaingia kwenye mafuta, na moshi wake unawasha kifua.

Mkulima_Newala: Vioshwe kwa maji gani? Huku juu maji nanunua kwa dumu. Nioshee kiroba, wajukuu wanywe nini?

Mtu_wa_Feri: Hapo mzee kasema. Maji Newala ni kilio tangu enzi za babu zetu.

Binti_Mikindani: Na hayo maji yenye salfa yatamwagwa wapi? Hakuna aliyejibu. Mimi nalia na afya za watu, maana hata huko shamba mnaanikia makopa ya muhogo kwenye viroba hivyohivyo.

Fundi_Ligula: Dada, tukung'ute kwanza, tukinunua kwa kilo watu watatunza. Turudi kwenye eneo jamani.

Mkulima_Newala: Subiri wewe na eneo lako. Binti, nyumba ipi Newala umekula makopa ya kiroba cha salfa? Kwangu yanaanikwa kwenye mkeka aliosuka mama yangu. Futa hilo neno kwanza.

Binti_Mikindani: Sifuti. Nimeona kwa macho yangu.