Mrejesho: ule ukuta wa mtaani tumeuchora

Wakuu, niliwauliza kama kuchora ukuta kutasaidia tusikilizwe kuhusu mtaro wanaotaka kuupitisha katikati ya kiwanja cha watoto. Narudi na mrejesho.

Aliyenitajia Chicano Park, bustani ya San Diego kule Marekani, asante sana. Nilimsimulia mwenyekiti wa mtaa: mwaka 1970 wakazi wa mtaa wa Barrio Logan walilikalia eneo la chini ya daraja kuzuia kituo cha polisi wa barabara kuu, wakapata bustani yao, na kuanzia 1973 wakazichora nguzo za daraja. Akacheka: "Wenzenu wana nguzo, nyie mna ukuta wa choo." Ila ruhusa akatoa.

Tulichora ramani ya mtaa, kila mtoto akagonga kiganja cha bluu pale anapochezea. Bibi mmoja akadai tuurudishe mwembe uliokatwa zamani. Tukaurudisha. Kosa langu: sikusubiri plasta ikauke, rangi ya chini imeshaanza kubanduka.

Wapima walipokuja walisimama pale muda mrefu wakihesabu viganja. Mtaro haujahamishwa bado, lakini Jumanne tumeitwa kikaoni. Haijawahi kutokea.