Bimkubwa anapeleka uji wodini na presha imeshuka, ni huduma au ni dawa tu?

kijana_wa_tabata:
Wakuu heshima kwenu, naombeni mawazo. Bimkubwa wangu ni mwalimu mstaafu, na baada ya kustaafu alibadilika sana, ukimkuta asubuhi yupo barazani na redio yake mpaka jua linamfuata hapo hapo, usingizi hana, kliniki kila tukienda presha ipo juu wanaongeza dozi. Mwaka jana wamama wa jumuiya yake wakamvuta kwenye kikundi chao, wanapika uji wa lishe na kuupeleka hospitali kwa wagonjwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula, na hospitali zetu mnazijua, usipoletewa hotipoti kutoka nyumbani imekula kwako. Saiv anaamka alfajiri anakoroga uji, ndoo kwenye bajaji huyoo, akifika anawachana nywele mabibi waliolazwa, anawakata kucha, anapiga nao stori. Anarudi hoi ila anacheka na usiku analala. Presha imetulia mpaka nesi wa kliniki akamuuliza mama umebadili nini.

Sasa dada yangu mkubwa anataka tumkataze, anasema umri ule wodini ataokota TB, akae ale pensheni yake. Hivi ni kweli kuhudumia watu kunashusha presha au dawa ndo zimekolea? Na msiniletee ya Mungu atamlipa, hiyo naijua, nataka ya mwilini.

Tabibu_mstaarabu:
Kijana, vyote viwili vinawezekana na kwa mtu mmoja huwezi kuvitenganisha, kwahiyo kwanza kabisa dozi asiache hata kama anajisikia binti wa miaka 20. Wengi wanaharibikiwa hapo.

Ila swali lako wameshalifanyia utafiti. Kuna kina Ashley Whillans na Elizabeth Dunn, walitoa majibu 2016, walichukua wazee wenye presha wakawapa dola 40 kila wiki kwa wiki 3, wengine wakaambiwa hizo ni za kujitumia wenyewe, wengine wakaambiwa watumie kwa ajili ya watu wengine. Waliotumia kwa wengine presha yao mwishoni ilikuwa chini kuliko wale waliojinunulia vyao. Utafiti mdogo, usije ukaenda kuuza dawa nao barabarani. Mwingine wa 2013 ulifanyika Kanada maeneo ya Vancouver, wanafunzi 106 wa sekondari, nusu wakapewa kazi ya kujitolea kila wiki na watoto wa shule ya msingi, nusu wakasubiri. Baada ya wiki 10 waliojitolea walikuwa na kolestro ya chini, na hata kile kipimo cha damu kinachoonesha mwili una uvimbe wa ndani kwa ndani kilikuwa chini.

Kwa bimkubwa ongeza na mengine, anatembea, ana saa ya kuamka, ana wenzie wa kumuuliza jana mbona hukuja. Mstaafu akikosa hayo stresi inamla kimya kimya na mishipa haipati kupumzika. Kule Baltimore Marekani waliwahi kuwa na mpango wa kuwaweka wazee wa miaka 60 na kuendelea kwenye shule za msingi wasaidie watoto kusoma, masaa 15 kwa wiki, na watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins wakawa wanawapima miili na ubongo. Yaani waliona mzee ni mtu wa kupewa kazi, sisi tunampa remoti.

mama_wawili:
Samahanini ila mimi hii ya kuhudumia kunaleta afya naomba mniache nayo kidogo. Namuuguza baba mkwe alipata kiharusi, namgeuza usiku, namwogesha, namlisha, mashemeji wote wapo mjini hapa hapa kazi yao kutuma pole kwenye grupu la familia na zile emoji za mikono. Presha sikuwa nayo, sasa hivi na mimi nina kadi ya kliniki. Mbona huruma yangu haijanitibu??

Tabibu_mstaarabu:
Dada pole sana, na upo sahihi. Mwaka 1999 Schulz na Beach walichapisha utafiti wa wazee wanaouguza wenza wao, waliokuwa wanauguza huku wameelemewa, hatari yao ya kufariki ndani ya miaka 4 ilikuwa juu kwa asilimia 63 kuliko wasiokuwa na mgonjwa. Bimkubwa wa jamaa hapo juu amechagua mwenyewe, yupo na wenzie na mchana anarudi kwake analala. Wewe hujachagua, huna zamu na kwako ndo wodini. Hapo dawa ni kupokewa, wala si kuongeza moyo wa huruma. Usione aibu kuwaambia.

chalii_wa_daraja2:
Mimi kila nikiwasaidia washkaji kwa kuwakopesha presha inapanda badala ya kushuka 😂 Ila serious, wale wanaoenda kwa yatima na katoni mbili za sabuni na mpiga picha nao wanapata hiyo afya?

Tabibu_mstaarabu:
Hahaha chalii. Sara Konrath na wenzie walitoa kitu 2012, waliwafuatilia watu wa jimbo la Wisconsin Marekani, wanaojitolea kwa ajili ya wengine waliofariki walikuwa wachache kuliko wasiojitolea, ila wale waliosema wanajitolea kwa faida yao wenyewe hawakutofautiana na wasiojitolea kabisa. Katoni zako hesabu mwenyewe.

binti_pangani:
Kuhusu hofu ya TB, dada yako hajakosea moja kwa moja. Asiingie wodi ya TB, avae barakoa, akae upande wa madirisha yaliyo wazi, na akikohoa wiki 2 aende kupima makohozi asisubiri. Na kama bado mna wasiwasi huduma sio lazima iwe wodini. Zimbabwe kuna daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda, 2006 pale Mbare, Harare, alianza na mabibi 14, wakafundishwa kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi, wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati. Upepo upo, jua lipo. Bimkubwa mwalimu ameshasikiliza watoto wa watu miaka yote hiyo, hapo ni kwake kabisa.

kijana_wa_tabata:
Wakuu asanteni sana. Nimemsomea dada yote haya kwa simu, ya TB imemtuliza kiasi, amesema barakoa atanunua yeye na Jumatatu anaenda nae aone hiyo wodi kwa macho yake. Bimkubwa anasema kama anakuja aje na sufuria, lao limetoboka. @mama_wawili pole dada, umefikia wapi na mashemeji?

mama_wawili:
Nimewawekea ratiba ya zamu za wikendi kwenye grupu, kila mtu na jina lake. Tiki za bluu zote, kimya. Kesho naituma tena namtag mmoja mmoja, naanza na yule wa emoji.