Fangasi ukeni na tendo la ndoa: tupeane uzoefu

Mwenye mada: Wadada, naanza mwenyewe. Nilimaliza dozi ya antibiotiki ya jino, siku ya nne muwasho ukanivaa, wa kukesha. Uchafu mweupe mzito, kama maziwa yaliyoganda, ila hauna harufu. Nikakutana na mume wangu hivyohivyo. Nilihisi nimepakwa pilipili. Asubuhi swali likawa: "Umeitoa wapi?" Tumenuniana wiki nzima. Kumbe dawa ya jino ilifagia bakteria walinzi wa ukeni, fangasi waliokuwemo siku zote wakapata upenyo. Nani mwingine yamemkuta?

Bi Mkubwa: Pole mwaya. Kwetu ilifika hadi kwa wazee! Mwambie fangasi hawahesabiwi ugonjwa wa zinaa, hata asiyewahi kulala na mwanamume huwapata. Wanawake kama 3 kati ya 4 huwapata angalau mara moja maishani.

Kimya Kingi: Mimi nilikuwa naweka klotrimazoli, dawa ya fangasi, usiku, mzee akawa hana subira, tukatumia kondomu. Ikapasuka. Ndipo nikasoma ile karatasi ya ndani ya boksi ambayo huwa naitupa: mafuta ya krimu na ya vidonge vya ukeni hudhoofisha mpira. Hiyo karatasi sasa ina miezi saba na meno mawili.

Shombo: Jamani, si kila kinachowasha ni fangasi. Nilijitibu mara tatu kwa kubahatisha. Changu kilikuwa uchafu mwepesi wa kijivu, unanuka samaki, na baada ya tendo ndiyo balaa, maana shahawa hupunguza asidi ya ukeni na harufu inapanda. Kupimwa, ni bakteria. Dawa ya fangasi hata ningekunywa ndoo isingewagusa, nilipewa metronidazoli. Na kule kujisafisha ndani kwa sabuni nilikokuwa nakazana nako kulikuwa kunaniharibia zaidi.

Mjamzito Tena: Wenye mimba, flukonazoli, ile dawa ya fangasi ya kumeza, msiikurupukie. Mimi nilipewa vidonge vya kuweka ukeni, siku 7.

Mama Sukari: Yangu ilirudi mara nne ndani ya mwaka mmoja. Nikamshika mume kooni naye ameze dawa, akameza, ikarudi vilevile. Daktari akasema mwanamume hutibiwa akiwa naye ana muwasho au vipele kwenye kichwa cha uume. Wangu hakuwa na hata kimoja. Akanipima mimi sukari. Ilikuwa juu, na sikuwa na habari. Nilipoanza kuidhibiti ndipo fangasi wakaniacha. Inayojirudia hivyo usiifukuze na krimu miezi na miezi, nenda ukapimwe.

Mwenye mada: Nimemsomea bwana yote haya. Kwenye ile karatasi yenye meno alicheka hadi akakohoa, kisha akauliza dozi yangu imebaki siku ngapi. Mbili. Anasubiri.