Josef Hofmann: mbinu yake itamfaa mtoto asiye na piano nyumbani?

Kinanda_Moshi:
Habari wadau. Nafundisha watoto piano hapa Moshi, na wengi wao hugusa kinanda Jumamosi tu, kanisani. Nasikia Josef Hofmann, yule mpiga piano wa Poland, alielekeza namna ya kujifunza wimbo bila kukaa kwenye chombo. Anayemfahamu anieleze alifundishwaje, na mbinu yenyewe inafanywaje. Pia nina wanafunzi wawili wenye mikono midogo, oktava (umbali wa nota nane, do hadi do) hawaifikii.

Nota_Tano:
Mwalimu, Hofmann alizaliwa 1876 Podgórze, ambayo leo ni sehemu ya Kraków, na baba yake ndiye aliyemwanzisha. Novemba 1887, akiwa na miaka 11, alipiga Metropolitan Opera House, New York. Akapangiwa maonyesho mfululizo mpaka chama cha kutetea watoto kikaingilia kati, ziara ikakatizwa 1888. Tajiri Alfred Corning Clark akatoa dola 50,000 kwa sharti kwamba mtoto asipige mbele ya watu hadi afikishe miaka 18.

Miaka hiyo ya kukaa kimya ndiyo iliyomjenga. Alisoma Berlin kwa mpiga piano Moszkowski, na kuanzia 1892 akawa anasafiri kwenda Dresden kwa Anton Rubinstein, mpiga piano mashuhuri wa Urusi, masomo 42 kwa jumla. Rubinstein hakutaka kuletewa wimbo uleule mara ya pili, wala hakumpigia ili aige. Alieleza kwa maneno, na alikuwa mkali kwa kila alama iliyoandikwa. Mwaka 1894 Hofmann akarudi jukwaani Hamburg, Rubinstein mwenyewe akiongoza orkestra. Baadaye alifundisha chuo cha muziki cha Curtis, Philadelphia, na kuwa mkurugenzi wake 1927 hadi 1938. Mpiga piano Shura Cherkassky alikuwa mwanafunzi wake. Alifariki Los Angeles 1957.

Besi_Arusha:
Kuhusu mbinu: Hofmann alitaja njia nne. Kwenye piano ukiwa na karatasi ya nota. Bila piano, na karatasi. Kwenye piano bila karatasi. Bila piano wala karatasi. Ya pili na ya nne ndizo zinazochosha akili zaidi, na ndizo zitakazowafaa watoto wako katikati ya wiki.

Mpe mtoto baa nne tu (vipande vya wimbo vinavyotengwa na mistari ya wima), na namba za vidole ziwe zimeandikwa tayari kwa penseli. Nyumbani kwanza apige makofi ya mapigo huku akihesabu kwa sauti. Kisha aimbe nota za mkono wa kulia kwa solfa (do, re, mi), na kidole kinachohusika kikigusa meza. Mkono wa kushoto afanye vilevile, peke yake. Mwisho afunike karatasi na kuitaja nota kwa nota.

Panapoharibika ni kwenye meza: mtoto anakimbiza vidole kwa kuwa hakuna sauti ya kumsuta. Ndiyo maana lazima aimbe. Jumamosi mwambie aanzie baa ya tatu badala ya mwanzo. Akishindwa, ujue vidole ndivyo vilivyokariri, kichwa bado.

Nota_Tano:
Kuhusu mikono, Hofmann mwenyewe alikuwa na mikono midogo, na Steinway, watengenezaji wa piano, walimtengenezea piano zenye vitufe vyembamba kidogo. Mtunzi Rachmaninoff alimtunukia konseto yake ya tatu (wimbo wa piano na orkestra) ya 1909, lakini Hofmann hakuipiga kamwe.

Oktava ya piano ya kawaida ni kama sm 16.5, kwa hiyo mpime mtoto kwa rula, kutoka ncha ya gumba hadi ya kidole cha mwisho. Akiifikia kwa kujinyoosha tu, usimlazimishe: kifundo cha mkono kinakakamaa na maumivu hupanda hadi kwenye kiwiko. Mkono wa kulia uache nota ya chini ya oktava, ubaki na ya juu yenye melodia. Kushoto apige besi kwanza, ashike pedali ya kudumisha sauti, ndipo afuate nota ya juu.

Kinanda_Moshi:
Asanteni sana. Mtoto wa miaka 8 nimpe muda gani kwa siku?

Besi_Arusha:
Dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Akianza kukosea alichokuwa anakijua, aache hapo hapo.