Kuna mtu pale kwenye ukaguzi leo kaniita BIBI mbele ya foleni nzima

Wakuu, habari za jioni, ingawa yangu mimi si nzuri. Naandika mkono bado unatetemeka, hata begi sijafungua.

Sitaji mtu, sitaji uwanja. Ila wote mnaopanda ndege za kuja na kutoka huku kusini mnamjua. Yule kijana wa kwenye mashine, ndevu kachonga kwa rula, anaguna kabla hujafungua mdomo. Huyo huyo.

Nilikuwa na kazi yangu ya kufuma mkobani. Shali ya mtoto wa mdogo wangu, uzi wa pamba rangi ya maziwa. Nimeifuma nyumbani Chuno, Mtwara, umeme ukikatika namulika kwa simu. Ilibaki pindo tu, nikasema nitamalizia ndani ya ndege, maana saa nzima hewani mikono imekaa bure mimi naumwa kabisa.

Mkoba ukaingia kwenye mashine. Akasimamisha mkanda. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mwenzake. Nikajua leo nimewekewa bastola. Kumbe KROSHIA! Sindano ya alumini, milimita 4, kichwa butu, haitoboi hata embe lililoiva.

Akainyanyua kwa vidole viwili foleni yote ione. "Hii kazi yake nini?" Ya kufumia. "Kufumia nini?" Si hiyo shali hapo. Akaichomoa. Jamani, AKAICHOMOA. Shali iko kwenye trei hii, bonge la uzi liko trei ya mbele, na yule mwenzake kule hana habari, akawasha mkanda. Trei ya uzi ikaondoka zake. Shali ikaanza kufumuka palepale, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, uzi unakimbia umejikunja-kunja, mimi nimeng'ang'ania pembe napiga kelele "zimeni, zimeni!" Ndipo mheshimiwa akaniangalia, akasema:

"Bibi, huku si kibarazani."

BIBI! Mimi mtoto wangu wa kwanza yuko darasa la tano!

Foleni ikaangua kicheko. Mpaka mzee mmoja mwenye fimbo ya mpingo, nzito, ncha ya chuma, ambayo IMEPITA bila swali, naye anacheka anajifuta machozi. Kroshia yangu ikatupwa kwenye boksi la viwembe na viberiti.

Sasa naomba mnisaidie kufikiri. Nimteke rubani kwa kroshia, nimpeleke wapi? Namlazimisha avae soksi?

"Huku si kibarazani." Nimekaa dirishani safari nzima, bahari sijaiona, natunga tu majibu ambayo ningempa.

Ming'oko Mbichi: Pole sana bibi.

Mwana wa Shangani: Shikamoo bibi. Uzi bila picha haujakamilika, tupia picha ya shali.

Mama Vishono (mleta mada): Nyie wawili Mungu anawaona. Picha ya nini, iliyobaki ni leso.

Kaka Pweza: Mimi upande wa yule kijana sipo, lakini "zimeni zimeni" nimecheka nimemwaga chai.

Fundi Saa: Namjua huyo! Mimi alinifungulia mfuko wa korosho, akatafuna mbili, akasema "salama, pita." Ya tatu akachukua ya kuondokea.

Dada wa Nyuzi: Pole mwaya. Kwa faida ya wengine: Marekani wale wa ukaguzi, TSA, wanaruhusu sindano za kufumia na kroshia kwenye mkoba wa kupanda nao. Uingereza vilevile. Kinachokataliwa Marekani ni kile kikatio cha uzi cha duara chenye wembe ndani, kile wengine wanavaa shingoni kama kidani. Hicho ni cha begi la chini. Mkasi wanaruhusu ukiwa chini ya inchi 4 kupimia kutoka kwenye ungio. Ila hata huko, aliyesimama kwenye mashine ndiye mwenye neno la mwisho, akikataa amekataa.

Mwana wa Shangani: TSA hao wana tawi Chikongola, Mtwara?

Dada wa Nyuzi: Wewe cheka tu. Mama Vishono, siku nyingine tumia ya mianzi au plastiki, kwenye mashine haishtui mtu kama chuma. Na kabla hujafika pale toa kroshia mwenyewe, tundu la mwisho libane na pini ya nguo, bonge na kazi vikae mfuko mmoja. Hapo hata akichomoa nini, hakifumuki kitu.

Mama Vishono (mleta mada): Ahsante dada, wewe una utu. Lakini pini si ina ncha? Si ataniita gaidi? Na tatizo langu si kroshia, hiyo nitanunua nyingine. "Bibi." Kamwangalia mtu mzima usoni, uzi unakimbia, kasema "bibi"!

Ming'oko Mbichi: Kwani una umri gani, tuamue kwa haki?

Mama Vishono (mleta mada): Umri wa kukuchapa.

Kaka Pweza: 😂😂 Basi huo ni ubibi kabisa.

Wa Nachingwea: Nyie watu wa Mtwara mnadeka. Mna ndege, mnalilia kroshia. Mimi nikitaka hiyo ndege naanza na basi hadi Masasi, halafu Masasi hadi Mtwara kilomita kama 200. Nikifika kwenye hiyo mashine yenu anichomoe hata meno, sawa tu.

Fundi Saa: Nachingwea mlikuwa na reli mpaka Mtwara bandarini, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mlishindwa kuitunza.

Wa Nachingwea: Tulishindwa sisi?! Karanga walishindwa wenyewe, reli wakaifunga mwanzoni mwa miaka ya 60. Babu yangu aliiona, mimi nimeachiwa vumbi.

Kaka Pweza: Reli gani, wakati hata barabara tunaomba Mungu. Mmesahau Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake? Barabara ya Dar ilikatika pale Somanga, watu wamelala kwenye mabasi. Mimi nilikuwa na mzigo wa pweza wakavu. Abiria wenzangu walipiga kura ya kunishusha.

Mwana wa Shangani: Kumbe ni wewe! Nilikuwa siti ya nyuma yako. Nilipiga kura ya ndiyo.

Kaka Pweza: Na chapati zangu ulikula.

Mama Vishono (mleta mada): Jamani, mada ni shali.

Wa Nachingwea: Chapati za Nangurukuru, pale mabasi yanaposimama, bei wanapanga kwa kuangalia uso wa abiria. Hao ndio wa kufunguliwa uzi.

Fundi Saa: Usiguse Nangurukuru, shemeji yangu anauza pale.

Wa Nachingwea: Mwambie shemeji yako supu yake ni maji ya kunawia.

Ming'oko Mbichi: Samahani kutoka nje ya mada, lile basi la alfajiri la Dar linaanzia stendi au linapita Magomeni ya Mtwara?

Mwana wa Shangani: Stendi. Ila wahi, siti za mbele wanampa yeyote anayejuana na konda.

Kaka Pweza: Konda yupi, yule mwenye kofia nyekundu? Huyo naye mniachie, nina lake.