Mdogo wangu siku hizi ni nguo nyeusi tupu, mama anataka kuzichoma. Mngefanyaje?

dada_wa_kwanza
Habari zenu wadau, naombeni ushauri ila msinicheke. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 15, tangu likizo iliyopita kabadilika yaani ni nyeusi juu mpaka chini, kucha nyeusi, wanja mzito kama kapigwa ngumi, buti kubwa hata jua liwake vipi, ukimuuliza anakwambia yeye ni gothi, wale wapenzi wa muziki wa kigothi wanaovaa nyeusi tupu. Mimi sikuona shida. Mama sasa, kaangalia tamthilia moja humo kuna binti anavaa hivyo hivyo, na mnajua wenyewe binti wa hivyo kwenye tamthilia lazima awe anajikata mikono au anaabudu shetani au ndiye muuaji wa episodi ya mwisho. Basi kaingia chumbani kakusanya nguo zote kwenye mfuko, anasema Jumamosi anachoma.

Ila mimi nina kesi yangu nyingine. Kabla ya hayo nilipita mlangoni kwa dogo nikamkuta mbele ya kioo, simu kaiegemeza kwenye chupa ya losheni inacheza video ya msichana anajipaka wanja na yeye anafuatisha. Jicho la kulia kapatia. La kushoto kafuta na pamba, kapaka, kafuta tena, mara tatu, anasimamisha video anarudisha nyuma anasogeza uso kwenye simu. Mdomo wangu ukaniponza, nikamwambia si ulisema hutaki kufanana na watu, mbona unahangaika ufanane na huyo? Akafunga mlango. Leo siku ya tatu haniongeleshi. Hivi mama ana haki ya kuogopa? Na mimi niliyeharibu naanzia wapi?

kaseti_kuukuu
Pole dada. Kwanza kabisa ficha huo mfuko. Mimi nilikuwa panki, wale wa muziki wa punk, nywele nilikuwa nazisimamisha kwa sabuni ya kipande, leo nina kitambi na watoto wawili na sijamuua mtu.

Hofu ya mama ina historia ndefu kuliko hiyo tamthilia. Mwaka 1999 Marekani vijana wawili waliua wanafunzi 12 na mwalimu mmoja pale Columbine High School, hata vumbi halijatulia vyombo vya habari vikaanza na makoti meusi, magothi, mwanamuziki Marilyn Manson, mpaka jamaa akafuta shoo zake zilizobaki kwenye ziara. Baadaye inakuja kujulikana wale vijana hawakuwa magothi. Lakini nani alirudi kusahihisha kwa sauti ile ile? Kila aliyekuwa na koti refu jeusi shuleni akawa mtuhumiwa.

Na ukitaka kuogopa, ogopa upande wa pili. Uingereza 2007 binti wa miaka 20, Sophie Lancaster, alipigwa na vijana kwenye bustani pale Bacup akiwa na mpenzi wake, akafariki, kosa ni mavazi tu, walikuwa magothi. Ilibidi polisi wa Greater Manchester mwaka 2013 waanze kurekodi mashambulizi ya namna hiyo kama uhalifu wa chuki. Sasa nani hatari kwa nani hapo?

mchana_kweupe
Mama achome tu. Sisi tulikua bila wanja na tuko vizuri.

kaseti_kuukuu
@mchana_kweupe mlikua na bugaluu, mtaa mzima suruali moja, usinikumbushe 😂

hapana_bwana
Msimjaze mwenzenu upepo bana. Nguo si ushahidi, sawa, lakini mtoto akiacha kula, halali, marafiki wote wa zamani kawakata, hayo uyaangalie hata kama amevaa pinki. Tatizo la hizo tamthilia ni kwamba zinatufundisha kuangalia rangi ya kucha halafu yule mwenye sare safi anayelia chooni tunampita. Dada, anakula? Analala?

chaki_mfukoni
Nimefundisha sekondari miaka mingi nami niseme kidogo. Watu wanadhani gazeti linakuta kundi lipo ndiyo linaliandika vibaya, mara nyingine gazeti ndilo linalolikaza. Pasaka ya 1964 pale Clacton, Uingereza, mvua na baridi, vijana hawana pa kwenda, ikatokea fujo ya kawaida tu ya vioo kuvunjwa na kusukumana, magazeti yakaandika kama vita, Mods wa pikipiki za skuta na suti upande huu, Rockers wa pikipiki kubwa na jaketi za ngozi upande ule. Mwanasosholojia Stanley Cohen aliyelichunguza jambo hilo alionyesha kwamba mwanzoni hata huo mgawanyiko haukuwa mkali hivyo, lakini ukishasoma kila siku kwamba wewe ni Mod na adui yako ni Rocker na mnakutana sikukuu ijayo, si utaenda? Mwezi wa tano yake Margate na Brighton zikafurika, vijana, polisi, na wapiga picha wanaosubiri.

Ndiyo maana huyo dogo na simu yake hanishangazi. Kajifunza ugothi kwenye video kama mama alivyojifunza kuuogopa kwenye tamthilia.

Halafu kuna jaribio la wanasaikolojia Gardner na Steinberg, 2005, gemu ya kuendesha gari, wa miaka 13 hadi 16 wakicheza peke yao wako na akili zao, weka wenzao wawaangalie tu, wanaanza kubahatisha hovyo. Watu wazima karibu hawakubadilika. Kwa hiyo swali lako dada halikuwa baya, ila kwa umri wake umemgusa panapouma.

dada_wa_kwanza
Asanteni. @hapana_bwana anakula kutushinda, analala mpaka saa nne.

Mrejesho: mfuko uko chini ya kitanda changu, mama anadhani uko stoo. Jana usiku nimegonga nikamwambia nipake na mimi. Kanyamaza weee, halafu kaniambia kaa, usipepese. Wakati anapaka ndiyo kaanza kusema, kumbe huko kundini kwao ukikosea jina la bendi unaitwa feki, kuna mwenzao walimtoa kwenye grupu kwa sababu ya viatu vyeupe, viatu jamani! Hedifoni zilikuwa shingoni kwake zinavuma kidogo, nikasogeza sikio, nyimbo za mapenzi zile zile alizokuwa anaimba darasa la nne. Akaniona nimesikia. Kaniambia "ukisema nakuua" na mkono haukutikisika.

Jicho la kushoto limetoka baya tena.